Nguvu ya Rozari Takatifu: imetoka wapi, na iko wapi?

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki vijijini kwetu rozari haikosekani. Utaiona imening'inia kwenye msumari ukutani, kwenye kioo cha bodaboda, shingoni mwa mtoto mchanga, au mikononi mwa bibi aliyekaa barazani jioni. Wengi husema ina nguvu. Lakini nguvu hiyo ni ya namna gani?

Watu huuliza mengi juu ya jambo hili. Kuna anayetaka kujua kama mtoto akivalishwa rozari hataugua. Kuna anayeogopa kwa sababu rozari yake imekatika usiku, akidhani ni ishara ya msiba. Na kuna mama aliyesali Rozari siku nyingi akimwombea mgonjwa wake, mgonjwa akafariki, na sasa anajiuliza alikosea wapi.

Katika makala hii tunaeleza Rozari ni nini, ilianzaje, Kanisa Katoliki linafundisha nini juu ya nguvu yake, na namna ya kuisali. Njiani tutapita Japani, katika mji wa Nagasaki, kwa kuwa habari za wakulima wa huko zinagusa swali la yule mama.

ROZARI NI NINI?

Neno rozari limetoka katika neno la Kilatini rosarium, maana yake bustani ya mawaridi. Wakristo wa zamani wa Ulaya waliona kila Salamu Maria ni kama ua moja, na sala zote kwa pamoja ni kama shada ambalo mtoto anamvika Mama wa Yesu.

Rozari ya kawaida ina msalaba na punje 59: ndogo 53 na kubwa 6. Punje hizo zinatusaidia kuhesabu tu. Kila fungu, ambalo wengi huliita kumi, lina Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi na Atukuzwe Baba moja. Makumi matano yanafanya Rozari moja ya siku.

Lakini kutaja maneno ni nusu ya kazi. Katika kila kumi tunatafakari tendo moja katika maisha ya Yesu na Mama yake. Midomo inasali, vidole vinahesabu, na moyo unamtazama Yesu akizaliwa, akifundisha, akiteswa au akifufuka. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa mwaka 1974 juu ya heshima kwa Bikira Maria, alionya kwamba Rozari isiyo na tafakari ni kama mwili usio na roho.

Sala ya Salamu Maria yenyewe ina mizizi katika Injili ya Luka sura ya 1. Sehemu ya kwanza imeunganisha salamu ya Malaika Gabrieli (aya ya 28) na maneno ya Elizabeti alipotembelewa na Maria (aya ya 42). Sehemu ya pili, inayoanza na Maria Mtakatifu, ni ombi la Kanisa. Ilienea polepole, na Papa Pius wa Tano akaithibitisha katika kitabu cha sala za mapadre mwaka 1568.

ILIANZA NA WATU WASIOJUA KUSOMA

Zamani watawa wa Ulaya walisali Zaburi zote 150. Lakini katika monasteri walikuwamo mabruda wa kazi za mikono, waliolima, waliochunga na waliopika, ambao hawakujua kusoma Kilatini. Nje ya monasteri wakulima walikuwa vivyo hivyo. Basi watu hao wakasali Baba Yetu 150 mahali pa Zaburi 150, na baadaye Salamu Maria 150. Waliita sala hiyo Zaburi ya Maria. Ili wasipoteze hesabu, walitumia vijiwe au kamba yenye mafundo.

Huenda umesikia kwamba Bikira Maria mwenyewe alimkabidhi Mtakatifu Dominiko Rozari mwanzoni mwa karne ya 13. Hayo ni mapokeo yanayopendwa sana, hasa katika Shirika la Wadominiko. Wanahistoria, hata wa Kanisa, wanaona kwamba Rozari ilikua taratibu. Katika karne ya 15, mtawa Mkartusi aitwaye Dominiko wa Prussia aliunganisha Salamu Maria 50 na matukio ya maisha ya Yesu. Kisha Mdominiko Alano wa Rupe, aliyefariki mwaka 1475, akaihubiri kwa bidii na kuanzisha vyama vya Rozari. Mwaka 1569 Papa Pius wa Tano akatoa hati iliyoipa Rozari sura tunayoijua.

Kwa nini tunaeleza hayo? Kwa sababu yanatuonyesha sehemu ya kwanza ya nguvu yake. Rozari ni sala ya mtu asiye na kitabu. Haihitaji taa, haihitaji shule, na haihitaji padre awepo. Mgonjwa anaisali kitandani, mchungaji anaisali nyuma ya ng'ombe, na asiye na rozari anahesabu kwa vidole vyake kumi.

KWA NINI OKTOBA?

Tarehe 7 Oktoba 1571 merizi za mataifa ya Kikatoliki zilipigana na merizi za Waturuki wa Osmani karibu na Lepanto, Ugiriki. Papa Pius wa Tano alikuwa amewaomba waamini wasali Rozari, na ushindi ulipopatikana akaweka kumbukumbu ya shukrani kwa Bikira Maria. Hiyo ndiyo asili ya sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari, tarehe 7 Oktoba. Mwaka 1883 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliagiza mwezi mzima wa Oktoba uwe wa Rozari.

Wengine wakisikia habari ya Lepanto hudhani nguvu ya Rozari ni ya kuwapiga watu wengine. Mapapa wa nyakati zetu wameitaja zaidi kama sala ya kuomba amani. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya tarehe 16 Oktoba 2002, aliwaomba waamini waisali kwa ajili ya amani duniani na kwa ajili ya familia. Katika barua hiyohiyo ndipo alipoongeza Matendo ya Mwanga. Na huko Fatima, Ureno, mwaka 1917, wakati Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, watoto watatu wachungaji, Lusia, Fransisko na Yasinta, walisema Bikira Maria aliwaomba wasali Rozari kila siku ili amani ipatikane.

WAKULIMA WA URAKAMI

Sasa twende Japani. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika huko mwaka 1549, na watu wengi wakapokea ubatizo, hasa upande wa Nagasaki. Mwaka 1614 serikali ikapiga marufuku Ukristo nchi nzima. Wamisionari walifukuzwa au kuuawa, na padre wa mwisho aliyejulikana akauawa mwaka 1644. Watu walilazimishwa kukanyaga picha ya Yesu au ya Maria mbele ya maofisa. Aliyekataa aliteswa.

Wakristo waliobaki walikuwa wakulima na wavuvi. Hawakuwa na Misa wala kitubio. Walichagua kwa siri mtu wa kubatiza na mtu wa kutunza kalenda ya sikukuu. Walirithishana sala kwa mdomo, zikiwamo Baba Yetu na Salamu Maria, nyingine kwa maneno ya Kilatini na Kireno ambayo matamshi yake yalibadilika kadiri miaka ilivyopita. Wengine walitunza sanamu ya mwanamke mwenye mtoto iliyofanana na sanamu za Kibudha, ili jirani asitambue kwamba ni Maria. Katika karne ya 20, picha ya kale ya Maria yenye matendo 15 ya Rozari iligunduliwa imefichwa katika nyumba ya wakulima wa Ibaraki, karibu na Osaka.

Waliishi hivyo zaidi ya miaka 200, kizazi baada ya kizazi. Tarehe 17 Machi 1865, Padre Bernard Petitjean kutoka Ufaransa alikuwa katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni. Kundi la wakulima kutoka kijiji cha Urakami likaja. Mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba moyo wao na wake ni mmoja, akauliza sanamu ya Maria iko wapi. Ndipo padre alipotambua kwamba amekutana na Wakristo.

Mateso hayakuisha hapo. Wakristo zaidi ya 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa sehemu mbalimbali, na mamia wakafa, hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1873. Waliorudi wakajenga kanisa kubwa.

Sisi tunaotoka katika vigango ambako padre hufika mara moja kwa mwezi tunaielewa habari hii. Jumapili ambayo padre hayupo, katekista huongoza ibada. Jioni jumuiya hukutana nyumba hii au ile na kusali Rozari. Imani haizimiki.

ROZARI ILIYOYEYUKA

Katika Urakami hiyohiyo aliishi daktari wa picha za eksirei aitwaye Takashi Nagai. Alibatizwa mwaka 1934. Mke wake, Midori, alitoka katika ukoo ulioongoza Wakristo wa siri wa Urakami. Familia hiyo ilikuwa imeshika sala hizo kwa vizazi.

Tarehe 9 Agosti 1945, saa tano asubuhi na dakika mbili, bomu la atomiki lililipuka juu ya Urakami, karibu na kanisa lile. Waamini waliokuwamo kanisani wakingoja kitubio walikufa wote pamoja na mapadre wao. Daktari Nagai alijeruhiwa hospitalini alipokuwa kazini, lakini alibaki akiwahudumia majeruhi. Siku mbili baadaye alifika mahali ilipokuwa nyumba yake. Alikuta mifupa ya Midori katika majivu ya jikoni, na pamoja nayo rozari yake iliyoyeyuka kwa moto.

Mpendwa msikilizaji, tukae kidogo hapa. Kama rozari ingekuwa kinga ya kuzuia kifo, basi Midori angepona. Watu wake waliilinda imani hii kwa zaidi ya miaka 200 na kuteseka kwa ajili yake. Yeye mwenyewe alikuwa na rozari. Na bado moto ulimfikia.

Nagai hakuona kwamba sala ya mke wake ilipotea bure. Aliendelea kusali, akawalea watoto wao wawili walionusurika kwa kuwa walikuwa shamba kwa bibi yao, akaandika vitabu vya kuomba amani huku akiwa mgonjwa wa saratani ya damu, hadi alipofariki mwaka 1951. Bomu halikuweza kumwondolea hayo.

BASI NGUVU YAKE IKO WAPI?

Kanisa linafundisha kwamba nguvu ya Rozari ni nguvu ya Mungu anayesikiliza sala. Haimo katika punje, wala katika kamba, wala katika idadi ya maneno. Bikira Maria anatuombea, kama alivyomwambia Mwanae huko Kana kwamba divai imekwisha, kisha akawaelekeza watumishi wafanye lolote atakalowaambia. Anatupeleka kwa Yesu. Hachukui nafasi yake.

Rozari iliyobarikiwa ni kisakramenti. Maana yake ni ishara takatifu inayomwandaa mtu kupokea neema na kumkumbusha sala. Tofauti yake na hirizi ni kubwa. Mwenye hirizi anaamini kitu chenyewe kinafanya kazi, hata kama moyo wake uko mbali. Katekisimu ya Kanisa inakataza uvaaji wa hirizi, na inasema pia kwamba kutegemea tendo la nje la sala bila moyo ni ushirikina.

Kwa hiyo rozari ikikatika, imekatika kwa sababu uzi umechakaa. Ifunge, au nunua nyingine. Hakuna msiba unaotangazwa. Kumvalisha mtoto rozari si kosa, ikiwa ni kwa heshima na wazazi wanasali naye. Ila kwa mtoto mchanga, kamba shingoni inaweza kumkaba akiwa amelala. Ni salama zaidi kuitundika ukutani.

VIPI KUHUSU MGONJWA?

Msalie Rozari, tena umpeleke hospitali. Hivyo viwili havigombani. Katika Biblia, kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 38 kinafundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba na ndiye aliyeziumba dawa. Sura hiyohiyo inamwambia mgonjwa asali na pia ampe mganga nafasi. Asitokee mtu wa kukuambia uache vidonge vya ukimwi, vya kifua kikuu, vya kifafa au vya presha kwa sababu umeanza novena. Anayekuambia hivyo hafundishi imani ya Kanisa. Mgonjwa aliye katika hali mbaya aitiwe padre mapema ampe Sakramenti ya Mpako, na asingojewe hadi akate kauli.

Na yule mama aliyesali, mgonjwa wake akafariki? Atazame tendo la kwanza la uchungu. Yesu mwenyewe, katika bustani ya Gethsemani, alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso. Aliomba mara tatu. Kikombe hakikuondolewa. Lakini alipata nguvu ya kusimama na kuendelea, na safari yake haikuishia kaburini. Mama, hukukosea mahali. Hukusali kidogo mno. Umesali sala ambayo ndani yake kuna ombi la Yesu lililojibiwa kwa njia nyingine, na matendo ya uchungu yanafuatwa na ya utukufu.

MASWALI MENGINE

Je, si kurudiarudia maneno? Majirani zetu wa madhehebu mengine huuliza hivyo wakitaja Mathayo 6:7. Hapo Yesu alikataza maneno matupu ya watu wanaodhani wingi wa maneno utamlazimisha Mungu. Yeye mwenyewe alirudia maneno yaleyale alipoomba Gethsemani (Mathayo 26:44), na Zaburi ya 136 inarudia kiitikio kimoja katika kila aya. Jambo la kuchunga ni moyo usilale.

Je, Wakatoliki wanamwabudu Maria? Hapana. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria tunamheshimu, na tunamwomba atuombee, kama unavyomwomba mwanajumuiya mwenzako akuombee.

Vipi kuhusu ahadi 15 za Rozari, na ujumbe wa simu unaosema uutume kwa watu kadhaa la sivyo utapata balaa? Ahadi hizo zinahusishwa na mapokeo ya Mtakatifu Dominiko na Alano. Si sehemu ya mafundisho ambayo Mkatoliki analazimika kuyaamini. Na ujumbe wa vitisho ufute tu. Mungu hahitaji bando lako ili akubariki.

Je, tusali Rozari wakati wa Misa? Papa Paulo wa Sita alieleza kwamba haifai. Misa ni kubwa kuliko Rozari. Sali kabla au baada.

NAMNA YA KUISALI

Fanya ishara ya msalaba na usali Nasadiki ukishika msalaba. Kwenye punje kubwa sali Baba Yetu, kwenye punje tatu ndogo Salamu Maria tatu za kuomba imani, matumaini na mapendo, kisha Atukuzwe Baba. Taja tendo la kwanza, nyamaza kidogo ulitafakari, halafu anza kumi. Endelea hivyo hadi tendo la tano. Malizia kwa Salamu Malkia na, ikiwezekana, Litania ya Bikira Maria.

Matendo ya Furaha (Jumatatu na Jumamosi): Maria anapashwa habari na Malaika, anamtembelea Elizabeti, Yesu anazaliwa, anatolewa hekaluni, anapatikana hekaluni.

Matendo ya Uchungu (Jumanne na Ijumaa): Yesu anatoka jasho la damu, anapigwa mijeledi, anavikwa taji la miiba, anabeba msalaba, anakufa msalabani.

Matendo ya Utukufu (Jumatano na Jumapili): Yesu anafufuka, anapaa mbinguni, Roho Mtakatifu anawashukia Mitume, Maria anapalizwa mbinguni, anavikwa taji la Malkia.

Matendo ya Mwanga (Alhamisi): Yesu anabatizwa Yordani, anageuza maji kuwa divai Kana, anatangaza Ufalme wa Mungu, anageuka sura mlimani, anaweka Ekaristi Takatifu.

Makumi matano huchukua kama dakika 15 hadi 20. Familia yenye watoto wadogo inaweza kuanza na kumi moja kabla ya kulala. Mpe kila mtoto zamu ya kuongoza. Anayesali makumi matano mfululizo kanisani, katika familia au katika jumuiya, huku akitafakari, anaweza kupata rehema kamili, kwa masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kukataa kila dhambi moyoni.

Jioni ya leo, ukimaliza kazi, iondoe rozari pale kwenye msumari. Iite familia. Mtaje mgonjwa wenu kwa jina, mtaje na yule mliyegombana naye mpakani mwa shamba, kisha anzeni. Na kesho asubuhi mpelekeni mgonjwa zahanati.